Hei na Mabua ya Kiangazi: Mwongozo Kamili wa Kuwavusha Ng'ombe Kuanzia Mwisho wa Mvua hadi Majani Mapya

Kila ifikapo Septemba malalamiko ni yale yale. Hei, yaani nyasi zilizokatwa, kukaushwa na kuhifadhiwa, imeota ukungu ndani ya robota, lile furushi lililofungwa kamba. Ng'ombe anashinda horini, tumbo limejaa, lakini mbavu zake unazihesabu ukiwa mlangoni. Mabua ya mahindi yaliyotiwa mbolea ya urea yamekataliwa, au yameliwa na ng'ombe akaanguka kabla ya jioni. Ukimuuliza mfugaji alikata nyasi zake lini, mara nyingi atakujibu kwamba alikata mwezi wa sita, zilipokwisha kukauka zenyewe.

Hapo ndipo penye tatizo. Nyasi iliyokaukia shambani ikiwa imesimama si hei, na kuifunga kamba hakuibadilishi kuwa hei. Kazi ya kiangazi hufanyika wakati bado kuna matope.

Mwongozo huu unamlenga mfugaji wa ng'ombe wachache katika maeneo ya Tanzania yenye msimu mmoja wa mvua, kama Kongwa, Mpwapwa na sehemu kubwa ya Singida, ambako mvua huanza Desemba na kukatika kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei. Aliye katika maeneo ya masika na vuli afuate hatua hizi hizi, ila asogeze siku ya kukata hadi masika yanapokatika, na kiangazi chake akihesabu kwa miezi pungufu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa ajili ya hei:

- Mundu au fyekeo lililonolewa vizuri, na reki ya kugeuzia nyasi.
- Sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 38.
- Kamba za katani zilizokatwa vipande vya mita 2.5. Kamba za plastiki zisitumike, kwa sababu kipande kikisahauliwa ndani ya nyasi ng'ombe hukimeza.
- Turubai la kufunikia mvua ikishtukiza.
- Mzani wa kuning'iniza wa kilo 50 au zaidi.
- Chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko, pamoja na chumvi ya mezani.
- Chaga za mbao au magogo ya kuinulia marobota kutoka sakafuni.

Kwa ajili ya mabua:

- Panga na gogo la kukatia, au mashine ya kukatakata majani ikiwa ipo kijijini.
- Mbolea ya urea ambayo mfuko wake haujaingia unyevu.
- Ndoo yenye alama za lita, keni ya kumwagilia na mti wa kukorogea.
- Nailoni nzito isiyo na matundu.
- Glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Wengi hukosa mzani, na bila mzani sehemu ya urea katika mwongozo huu isijaribiwe kabisa.

## Hatua ya 1: Hesabu chakula kabla ya kukata jani lolote

Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu chenye uzito wa asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake. Uzito huo unaweza kuukadiria kwa utepe maalumu unaozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele.

Tuchukue kaya yenye ng'ombe wawili chotara wa maziwa wa kilo 350 kila mmoja, na mtamba mmoja wa kilo 200. Ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji kilo 10.5 za chakula kikavu kwa siku. Kwa kuwa hata hei nzuri hubaki na unyevu kidogo, kilo hizo ni sawa na kilo 12 za hei. Mtamba anahitaji kilo 6. Jumla ni kilo 30 kwa siku, na kwa siku 180 ni kilo 5,400. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya zinazokanyagwa, kulowa au kuliwa na panya, upate takriban kilo 6,200.

Kiasi hicho chote hakilazimiki kuwa hei. Mgawanyo unaowezekana kwa kaya ya wakulima ni nusu hei na nusu mabua yaliyosindikwa kwa urea, yaani kilo 3,100 za kila kimoja. Hei hiyo ni takriban marobota 182 ya kilo 17.

Ili kujua kama shamba lako la nyasi litatoa kiasi hicho, tengeneza fremu ya mita 1 kwa mita 1, itupe sehemu tano tofauti bila kuchagua, kata zilizomo, zikaushe, zipime, kisha utafute wastani. Ukipata gramu 400 kwa kila mita ya mraba, zidisha kwa 4,000, kwa kuwa ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Utapata kilo 1,600 kwa ekari. Toa moja ya tano kwa ajili ya majani yatakayopotea wakati wa kugeuza na kufunga, zibaki kama kilo 1,280. Kaya ya mfano wetu basi inahitaji karibu ekari mbili na nusu za nyasi.

Kwa upande wa mabua, ekari ya mahindi iliyotoa gunia 8 hadi 10 huacha takriban tani moja.

Kama hesabu haifiki, uamuzi wa kupunguza mifugo ufanyike Mei au Juni, ng'ombe wakiwa na nyama. Anayesubiri hadi Oktoba huuza kwa bei ya ngozi na mifupa, tena huwa amekwisha kumlisha ng'ombe huyo kwa miezi minne.

## Hatua ya 2: Itengeneze siku ya kukata kuanzia Februari

Nyasi hukatwa inapoanza kuchanua, wakati takriban nusu ya mashina yametoa maua na kabla mbegu haijakomaa. Baada ya hapo mmea hupeleka nguvu zake kwenye mbegu na mizizi, shina hugeuka ukuni, na protini hushuka. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kusaga nyasi hukosa chakula na kupungua. Nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na ng'ombe, akiwa ameshiba, hapati hamu ya kula zaidi. Ndiyo maana ya lile tumbo kubwa lenye mbavu za kuhesabika.

Kuna mtego hapa, na wafugaji wengi makini wamenaswa nao. Boma rhodes au nyasi za asili zilizoachwa tangu mvua za kwanza huchanua Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, na kukausha inakuwa vigumu. Mfugaji anasema asubiri jua, na jua linapotulia mbegu zimekwisha kupukutika.

Dawa yake ni kukata mara mbili. Mwisho wa Februari au siku za kwanza za Machi, kata shamba lote kwa awamu na uwalishe ng'ombe nyasi hizo mbichi. Zitachipua upya kwa mvua iliyobaki na kuchanua baada ya wiki sita hadi nane, yaani mwisho wa Aprili, wakati anga linaanza kufunguka. Mkato huo wa pili ndio wa hei.

Wenye ngitili, yale malisho yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma ili yaliwe kiangazi, wana akiba nzuri ya nyasi iliyosimama, lakini hata humo inafaa kukata kipande kimoja mapema kwa ajili ya ng'ombe wanaokamuliwa.

## Hatua ya 3: Kukata

Chagua siku ambayo unaweza kutegemea siku tatu za jua mfululizo. Anza umande ukishakauka, kama saa tatu au saa nne asubuhi, kwa kuwa umande unaofunikwa na nyasi zilizolala huchelewa sana kutoka. Acha kisiki cha sentimita 7 hadi 10. Ukikata hadi ardhini unaokota mchanga, na unaidhoofisha mizizi inayotakiwa kuchipua tena mwakani.

Usikate shamba lote kwa siku moja. Kata kiasi ambacho watu ulio nao wanaweza kukigeuza, kukikusanya na kukifunika kabla ya mvua kushuka.

## Hatua ya 4: Kukausha bila kupoteza majani

Virutubisho vingi vimo kwenye majani, wala si kwenye mashina. Kazi yote ya kukausha ni kuhakikisha mashina yanakauka kabla majani hayajapukutika.

Siku ya kwanza, tandaza nyasi ziwe tabaka jepesi na uzigeuze mara mbili, mchana na alasiri. Kabla ya jua kuzama zikusanye ziwe matuta membamba marefu, ili umande wa usiku ulowanishe juu tu. Siku ya pili zitandaze tena umande ukishakauka na uzigeuze mara moja. Kuanzia mchana wa siku ya pili punguza kabisa kuzishikashika, kwa sababu majani yamekwisha kuwa mepesi kuvunjika. Siku ya tatu huwa ya kumalizia, na nyasi nyembamba huweza kuwa tayari kabla yake.

Mikunde kama fiwi na majani ya karanga hukaushwa kivulini au juu ya turubai, kwani majani yake yakikauka juani hupukutika yote na kukuachia vijiti. Mabingobingo yasitumiwe kwa hei. Shina lake ni nene mno kukauka kwa siku tatu, na matumizi yake bora ni kulishwa mabichi au kutengenezwa saileji, yaani majani mabichi yanayohifadhiwa kwa kufungiwa bila hewa.

Rangi ni shahidi mzuri. Hei iliyokauka vizuri hubaki na ukijani na hunukia kama nyasi. Iliyogeuka manjano nyeupe imeunguzwa na jua, na ya kahawia imelowa baada ya kukatwa.

## Hatua ya 5: Kupima ukavu, hatua ambayo ikikosewa huharibu hei nyingi

Hei ifungwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 15. Kwa mkono wa mtu asiyezoea, nyasi yenye asilimia 25 huonekana kavu kabisa, kwa sababu majani yanalia kwa ukavu huku shina likiwa na maji.

Kwanza chukua shina nene kuliko yote na ulikwaruze kwa ukucha karibu na fundo. Ganda likibanduka, bado. Kisha chukua konzi ya nyasi uisokote kama unayekamua nguo. Mashina yakivunjika baada ya kusokotwa mara chache bila kuonyesha unyevu, endelea na kipimo cha chumvi.

Kipimo cha chumvi hufanyika hivi. Kausha chumvi juani au kwenye kikaango hadi iwe inamiminika kama mchanga. Katakata nyasi ziwe vipande vya sentimita 2 hadi 3, zijaze theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, kisha tikisa kwa dakika tatu. Iache itulie. Chumvi ikishikana vibonge au ikiganda kwenye kuta za chupa, nyasi bado ina unyevu mwingi. Ikishuka chini yote ikiwa kavu, funga marobota. Rudia kwa nyasi za sehemu tatu tofauti za shamba, hasa zile za mabondeni na chini ya miti.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga marobota 40 jioni ya siku ya pili kwa kuhofia wingu lililokuwa likipanda upande wa mashariki. Mvua haikunyesha. Siku ya sita ghala lilikuwa likinukia tumbaku, na nilipochomeka mkono katikati ya robota niliutoa upesi kwa joto. Nilipolifungua, ndani kulikuwa na vumbi jeupe la ukungu. Marobota yote 40 yaliishia kwenye shimo la mboji.

Joto hilo si jambo dogo. Hei mbichi iliyorundikwa huweza kupata joto la kutosha kuwaka moto yenyewe na kuteketeza ghala. Tena baadhi ya kuvu zinazoota humo hutengeneza sumukuvu, ambayo ng'ombe akiila sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Hei yenye ukungu usimpe ng'ombe yeyote, wala usiichanganye na nzuri ukidhani itapungua makali.

## Hatua ya 6: Kufunga marobota

Weka sanduku mahali palipo sawa. Tandika kamba mbili ndani yake zikipita upande wa upana, ncha zake zikining'inia nje. Jaza nyasi kidogo kidogo, na kila tabaka likanyagwe kwa miguu, hasa kwenye pembe nne, kwa kuwa robota lililo legevu pembeni hufumuka likinyanyuliwa. Likijaa, funga kamba kwa nguvu, kisha vuta sanduku kwenda juu.

Pima marobota matano ya kwanza. Yakiwa kati ya kilo 15 na 20, mkanyagaji anafanya kazi yake. Yakiwa chini ya 12, unahifadhi hewa. Robota kutoka sanduku hili likizidi kilo 25, lirudie kwa kipimo cha chumvi, maana uzito huo mara nyingi ni wa maji.

## Hatua ya 7: Ghala

Marobota 182 ya kipimo hiki yanatoshea kwenye chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5. Paa lisivuje. Kuta si lazima ziwe za matofali, hata matete yanafaa, ilimradi upepo upite na mvua ya pembeni isiingie. Yapange juu ya chaga zilizoinuliwa sentimita 15 hivi, mbali na ukuta kwa upana wa mkono, na kagua nguzo kila wiki kuona njia za mchwa.

Kwa wiki tatu za mwanzo, chomeka nondo katikati ya rundo, iache kwa dakika 15, kisha ichomoe na kuishika. Vuguvugu si tatizo. Ukishindwa kuishika, bomoa rundo siku hiyo hiyo na utandaze marobota nje, huku maji yakiwa karibu.

## Hatua ya 8: Kusindika mabua kwa urea

Bua kavu la mahindi lina protini ya asilimia 3 hadi 5 tu. Urea iliyolowanishwa na kufungiwa hugeuka gesi ya amonia, ambayo hulainisha nyuzi ngumu za bua na kuliongezea nitrojeni inayotumiwa na vijidudu vya tumboni. Ng'ombe hula zaidi na husaga zaidi. Kazi hii haihitaji utaalamu mkubwa, lakini haisamehe makisio ya macho.

Kipimo. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu, tumia kilo 4 za urea na lita 50 hadi 60 za maji. Kuongeza urea "ili ikolee" ndiko kunakoua ng'ombe.

Shimo. Shimo la mita 2 kwa 1 kwa 1 hupokea takriban kilo 200 za mabua yaliyokatwakatwa na kukanyagwa. Lichimbwe mahali ambapo maji ya mvua hayaingii, na litandikwe nailoni chini na pembeni.

Kaya ya mfano wetu inatumia kilo 17 za mabua kwa siku, kwa uzito wa kabla ya kutiwa maji, kwa hiyo shimo moja linaisha kwa siku 12 hivi. Kwa kuwa kusindika huchukua siku 21, mashimo mawili hayatoshi. Ukiwa na matatu, shimo la kwanza ulilolijaza upya litakuwa tayari kabla la tatu halijaisha. Wengi hujenga moja, linawaishia, nao wanarudia mabua makavu katikati ya Agosti wakidai urea haina faida.

Kujaza. Katakata mabua yawe vipande vya sentimita 5 au chini ya hapo. Pima kilo 50, yasambaze shimoni. Katika ndoo koroga kilo 2 za urea na lita 25 hadi 30 za maji mpaka usione punje hata moja, halafu nyunyiza kwa keni ukizunguka ili kila sehemu ipate. Kanyaga. Rudia tabaka la pili, la tatu na la nne. Ukimwaga maji yote ya urea kwa pamoja hutiririka hadi chini, na tabaka la chini huwa sumu wakati la juu halijapata kitu.

Kufunga. Funika kwa nailoni, kunja kingo zake, kisha weka udongo juu na pembeni pasibaki mwanya. Gesi ndiyo inayofanya kazi, na ikitoroka umepoteza mbolea.

Kufungua. Baada ya siku 21, fungua upande mmoja tu ukiwa umesimama upepo unakotokea. Harufu kali inayochoma macho ni dalili njema. Mabua yawe yamelainika na rangi yake imekolea kuelekea kahawia. Kama hakuna harufu kabisa, nailoni ilivuja. Penye ukungu ondoa na utupe. Chukua kiasi cha siku moja, kitandaze kivulini tangu jioni hadi asubuhi ili amonia ipungue, na ulifunike shimo tena.

### Tahadhari zisizovunjwa

Usiwape mabua haya ndama walio chini ya miezi sita, wala punda. Usiwape ng'ombe waliolala na njaa yakiwa chakula chao cha kwanza. Maji ya urea yaliyobaki yamwagwe shambani, ndoo ioshwe mara moja, na mfuko wa urea ufungiwe mbali na mbuzi, ambao huvutiwa na ladha yake ya chumvichumvi.

Ng'ombe aliyepata sumu ya urea huanza kutetemeka, kutoa mate yenye povu, kuyumba, kupumua kwa shida na kujaa gesi, mara nyingi ndani ya saa moja. Mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Wakati unamsubiri, na kama ng'ombe bado anaweza kumeza, mnyweshe polepole siki ya kawaida, lita 2 hadi 6 kwa ng'ombe mkubwa, pamoja na maji mengi ya baridi. Usimlazimishe aliyelala na kulegea, kwani maji yataingia mapafuni. Ni vyema chupa hizo za siki ziwepo nyumbani kabla ya shimo la kwanza kufunguliwa.

## Hatua ya 9: Kulisha kwa zamu na kwa mpangilio

Anza kwa robo ya kiasi cha mabua yaliyosindikwa unachokusudia, ukichanganya na hei, na uongeze taratibu kwa siku 10 hadi 14. Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda huo kuzoea. Ng'ombe wengi husita siku mbili za kwanza kwa sababu ya harufu. Yanyunyizie mabua molasi iliyochanganywa na maji, au pumba kidogo, na ng'ombe wasipigwe.

Hei nzuri kuliko zote itengewe ng'ombe wanaokamuliwa na wenye mimba kubwa. Mtamba na dume wanaweza kupata mabua kwa wingi zaidi. Ukiwapa wote sawa, anayekamuliwa ndiye atakayekuonyesha hasara kwanza.

Mashudu ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida hupatikana kwa urahisi baada ya mavuno, yatolewe kama kilo 1 kwa siku kwa ng'ombe anayekamuliwa. Majani ya milusina ni chakula kizuri cha protini, ila yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi yaokotwe na kuwekwa kwenye magunia. Watoto wanaochunga mbuzi huyajua kuliko sisi. Jiwe la chumvi lenye madini liwepo bandani muda wote.

Halafu maji. Anayekula chakula kikavu anahitaji maji mengi, na ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Akipunguziwa maji hupunguza kula siku hiyo hiyo, na utaanza kulaumu hei isiyo na kosa.

Mshike ng'ombe mbavuni kila baada ya wiki mbili, tena kwa mkono. Macho huzoea. Ukianza kuzisikia mbavu waziwazi kuliko mara iliyopita, ongeza mashudu sasa, maana kumrudisha aliyekonda huchukua chakula kingi kuliko kumzuia asikonde.

## Hatua ya 10: Afya, na wiki tatu za hatari mvua zikirudi

Wape dawa ya minyoo mvua zinapokatika, ili chakula ulichohangaika kukihifadhi kisiliwe na minyoo, na tena mvua zinapoanza, kwa dozi inayolingana na uzito. Chanjo za chambavu na kimeta zipangwe na ofisa mifugo wa kata kabla ya mvua. Kuogesha kusiachwe kwa kisingizio cha kiangazi, na mvua zikianza ratiba ya josho irudi kuwa kila wiki, kwa kuwa kupe wa ndigana kali huongezeka haraka.

Kipindi kinachoua ng'ombe wengi waliokwisha kuvuka kiangazi ni wiki tatu baada ya mvua ya kwanza. Ardhi inaonekana ya kijani, mfugaji anafunga ghala, na ng'ombe dhaifu wanatembea kutwa wakifuata majani mafupi yaliyojaa maji. Wanaharisha, wanaishiwa nguvu, na wengine wanakwama kwenye matope ya lambo na kushindwa kuinuka.

Kwa hiyo endelea kuwapa hei asubuhi kabla ya kutoka, kwa siku 14 hadi 21, ukiipunguza kadiri nyasi zinavyofika kimo cha kiganja. Kwa kaya ya mfano wetu, weka alama marobota 20 ya mwisho tangu siku ya kupanga ghala, na yasiguswe hadi mvua ya Desemba iwe imenyesha.